Mikono Miwili ya Kushoto

Wanangu,

Mjinga wa leo ni mimi, tusizungushane. Gauni la biharusi nimelikatia mikono yote miwili ya upande wa kushoto, na kitambaa kimekwisha. Maji ya kunywa yamo kwenye birika. Chakula ~~atapika dada yenu~~ pikeni wenyewe. Leo dada yenu ni bosi.

Jana nilimcheka kwa kuacha upindo wa shubiri nzima kwenye sketi ya gauni hilo. Asubuhi hii ameufumua kimya kimya, akapata humo mkono wa kulia. Biharusi amelivaa, akakataa kulivua. Sasa anataka na magauni ya dada zake wanne, tumekwenda kuwapima.

Baba yenu, fundi msaidizi

Nimesahau. Mnanijua, sikukubali kushindwa. Nikamwambia dada yenu, “Upindo mpana hivyo ni kuharibu kitambaa. Nani kakufundisha?”

“Marehemu mama, kabla miguu yangu haijafika kwenye pedeli ya cherehani.”

“Mama yenu naye. Miaka yote nilimkataza, na hakuniambia sababu hata siku moja.”

Dada yenu akakata uzi kwa meno. “Angekuambiaje, Baba, na sababu ulikuwa wewe?”