Nimemwambia Dada Mtandao Unasumbua

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana nakuandikia nikiwa nimesimama kwenye kaunta, kila nikikaa nainuka kama nimekalia siafu, chai nimeimimina na sijainywa, na mafundi wameanza kuniuliza kama naumwa.

Mimi na dada yangu tuna karakana ya kushona sare, mama alituachia cherehani mbili na meza ya kukatia, leo tunashonea hoteli, walinzi na wauguzi, tuna matawi matatu, na kazi imekua mpaka imetuzidi, kwa sababu oda inaandikwa tawi hili, kitambaa kiko tawi lile, mteja akipiga simu sote tunatazamana. Ndiyo nikatafuta mfumo wa kompyuta, ule wanaouita ERP, unaokusanya stoo, oda, mauzo na mishahara mahali pamoja, ili kitambaa kikitoka huku, kule waone kimepungua. Dada hakutaka. Alisema, "Mdogo wangu, stoo yangu naijua hata nikifumba macho," nami nikamjibu kwamba shida ndiyo hiyo, sisi wengine hatuna macho yake ya kufumba.

Basi akaja mtaalamu wa mfumo, akaniuliza hatua za kazi yetu, nikamtajia mwenyewe mezani kwangu bila kumwita mtu, nikamwambia weka kitufe cha Tayari, kikibonyezwa mteja apate ujumbe aje achukue mzigo. Nikasahau kabisa, Shangazi, kwamba kwetu "tayari" si nguo iliyokwisha. Kwetu "tayari" ni nguo iliyokatwa tu, kwa sababu mama akimaliza kukata aliita "Tayari!" na dada akatoka kwenye cherehani kwenda kuchukua vipande, na neno likabaki hivyo miaka yote. Siku ya majaribio wakataji wakabonyeza Tayari kwa roho safi, ujumbe ukaenda kwa wateja, na mchana bosi wa kampuni ya ulinzi akafika na gari na walinzi wake, akakabidhiwa mafungu ya vipande, migongo huku, mikono kule. Mlinzi mmoja alinyanyua mguu mmoja wa suruali akauliza wa pili uko tawi gani.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilijua dada atanisimanga mwaka mzima, lakini yeye alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Basi na mimi nifundishwe, kidude hiki kinataka mtu wa kukiangalia." Akaenda kununua miwani. Sasa kila asubuhi anafika kabla yetu, anafungua kompyuta, anabonyeza kwa kidole kimoja, anauliza maswali, na akipatia ananiita nije nione.

Na hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu siku ile ya kutaja hatua za kazi mtaalamu aliniuliza pia nani awe na ruhusa ya kutoa vitambaa stoo, nami nikasema mimi peke yangu, dada nikamwandikisha kuwa mtazamaji, yaani anaona kila kitu lakini hawezi kugusa chochote. Sikumwambia. Shangazi, dada ana mkono wazi, fundi akija kulia kapungukiwa anamwambia "chukua tu, tutaandika," na hatuandiki, na juzijuzi tulisimamisha oda ya hoteli katikati kwa sababu kitambaa chake kilikuwa kimeshageuka makoti ya wauguzi. Nilimsema, akanuna, akarudia. Nikaona mashine imzuie, mimi niepuke ugomvi.

Sasa jana aliniita, "Mdogo wangu, mbona yangu inafunguka lakini haibonyezeki?" Nikamwambia mtandao unasumbua. Akasema polepole itakaa sawa, akaendelea kufanya mazoezi.

Jumatatu tunahamia kwenye mfumo moja kwa moja, hata uzi hautoki stoo bila mfumo, atabonyeza mbele ya mafundi wote na itamkatalia. Nikimrudishia ruhusa, stoo itavuja kama zamani, nisipomrudishia nitakuwa nimemvua nguo mbele ya watu, na mtaalamu anasema nimwachie yeye amweleze, eti ni mambo ya kiufundi tu. Nifanye nini, kwa sababu nina dada mmoja tu duniani?

Ni mimi, mdogo mtu nisiyekalika.

*

Mwanangu, vuta kiti ukae, halafu hiyo chai uinywe hata kama imepoa.

Nianze kwa kukupa haki yako. Kazi ya matawi matatu haiendeshwi kwa kuitana kutoka chumba hadi chumba. Mfumo mnauhitaji, na mkono wa dada yako kwenye vitambaa unahitaji kushikwa. Anayechukua kitambaa cha hoteli akakigeuza makoti ya wauguzi, hata awe mwema namna gani, anaharibu kazi. Kwa hilo niko upande wako.

Lakini umemzunguka dada yako, mwanangu, na nimekasirika. Mtu aliyekuwa anakataa ameinama mwenyewe, amenunua miwani, anadonoa kitufe kwa kidole kimoja huku akikuita umwone, nawe unamdanganya eti ni mtandao. Unaogopa ugomvi wa nusu saa ofisini, sasa unamwandalia aibu mbele ya mafundi aliowafundisha kazi. Na wewe unayelalamika stoo inavuja, umejipa ruhusa peke yako. Wewe ukikosea nani atakuona? Au wewe hukosei? Mbona walinzi walipewa suruali za mguu mmoja?

Nisikilize sasa. Jumatatu hamhami. Mpigie mtaalamu leo, mwambie tarehe inasogezwa mpaka oda ya hoteli ikabidhiwe, na kwa muda huo mtaandika kote kuwili, mlivyozoea na kwenye mfumo, mpaka stoo ya kompyuta ifanane na stoo ya rafuni. Akinung'unika mwache anung'unike, yeye atamaliza mkataba aende zake, ninyi mtabaki humo. Ujumbe wa kuwaita wateja uzimwe, usiende mpaka mtu ameushika mzigo uliopigwa pasi na kufungwa.

Kisha mkae na dada yako na fundi wenu mkuu, mfuate shati moja kutoka kwenye jora la kitambaa mpaka mlangoni, na kila hatua muipe jina ambalo kila mtu analielewa namna moja. Hiyo ilikuwa kazi ya watu watatu, ukaifanya peke yako ukidhani unaokoa muda.

Kuhusu ruhusa, kitambaa kitoke kwa watu wawili. Dada akitaka kutoa, wewe ukubali. Wewe ukitaka kutoa, yeye akubali. Mfumo unaweza, mwambie mtaalamu auweke hivyo na asikuletee maneno ya kiufundi. Fundi akija kulia, dada yako atapata la kumjibu bila kuonekana ana roho mbaya, atasema kunahitajika mkono wa pili. Huenda hata yeye kakichoka hicho kilio.

Ila hayo yote yanakuja baada ya jambo moja, na hilo usimtume mtaalamu, usilitume kwa simu. Mwite dada yako pembeni, mwambie ulimnyima ruhusa tangu mwanzo, mwambie kwa nini, mwambie na la mtandao. Atakasirika. Atakukumbusha nani alikuosha uso ukiwa mdogo na nani alikushonea nguo ya kwanza. Usijitetee, usilie kabla yake, ngoja amalize.

Ukimwambia wewe, leo utakuwa na dada aliyekasirika. Akiambiwa na kompyuta mbele ya watu, utabaki na mshirika wa biashara tu, tena si kwa muda mrefu. Umesema anafika kabla yenu wote, kwa hiyo saa hizi yuko kazini. Nenda.