Mbegu Nilizotaka Kusaga

Luciana na Yusto,

Nimewahi Misa ya kwanza. Uji wa baba yenu uko kwenye chupa ya chai. Anywe kwanza ndipo ameze vidonge, siyo kama jana. Yusto, mgeuze kila baada ya muda, mgongo usimtoke vidonda. Mwezi wa tano huu hajashuka kitandani.

Uji ni wa mahindi, nimeomba unga kwa Mama Debora. Wetu uliisha, na alfajiri nilishusha kile kidebe cha ulezi wa mbegu nikaanza kuusaga kwenye jiwe. Nilishajisemea mwaka huu hapa hakuna wa kulima. Baba yenu akasikia jiwe. Mtu ambaye wiki nzima hasemi zaidi ya "maji", akaniita kwa ukali: "Mama Luciana, unasaga mbegu? Si leo padri anazibariki?"

Nimekasirika. Kisha nimelia, nikiwa nimeshika kidebe. Zilizobaki hazijai hata bakuli, nimezifunga kwenye kitambaa nazipeleka altareni. ~~Sijui Mungu atazifanyia nini.~~ Mungu anajua kazi yake. Mimi kukaa siwezi, ndiyo maana nimetoka kabla ya kengele.

Rozari iko shingoni mwake, msiivue mkimwosha.

Na lile jembe alilosema apewe baba yenu mdogo Oswaldi kwa kuwa yeye hatalishika tena, msilitoe. Baba yenu mwenyewe ameniuliza liko wapi.

Mama