Kisu Kimoja, Watoto Wanne

Ngamiani, Tanga. Jumanne, Julai 1957.

Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kipupwe, lakini moyo wangu ni mkunjufu. Jumaa, mtoto wa dada yangu, leo amefukuza kuku uani huku ameinua shuka lake kwa mbele lisimguse kidonda. Hana homa. Sasa naweza kuandika yaliyotokea Jumamosi.

Niseme kweli: mimi ni mwoga.

Kazi yangu ni ukarani wa hospitali. Naandika majina ya wagonjwa daftarini, na kila msimu wa jando huandika ya watoto ambao vidonda vyao vimeoza. Tabibu mmoja alinieleza sababu: kisu kimoja hupita kwa watoto wote, na uchafu wa damu ya huyu humwingia yule. Kinga yake ni kukichemsha kila baada ya mtoto, na kufunga kidonda kwa kitambaa safi badala ya kukipaka majivu.

Jumamosi ilikuwa siku ya Jumaa na wenzake watatu wa mtaani. Kwetu mjomba ndiye humpakata mtoto, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha. Jumaa, mdogo kuliko wote, alipangwa wa mwisho.

Nikafanya jambo la aibu. Nilimwomba dada kwa siri Jumaa atangulizwe, kisu kingali safi. Akakubali. Kisha nikamwona Saburi, mtoto wa jirani, amesogezwa mwisho mahali pa Jumaa, kofia mpya kichwani, ananichekea.



Nikamwendea ngariba, Mzee Kombo, yule yule aliyenitahiri mimi. Kwa woga nilimpa shikamoo mara mbili, nikamwomba kisu kichemshwe kwa kila mtoto.

"Kisu changu?" akauliza, sauti ikifika barazani. "Karani, kwani huu muhogo?"

Watu wakaangua kicheko. Nikamweleza habari ya damu, na nikasema asipokubali simpakati mtoto. Sijui maneno yale yalitoka wapi.

Mzee akanitazama. "Mwaka ule wewe ulilia kuliko wote," akasema. "Leo unanipa masharti! Haya, leteni sufuria."

Jumaa nikamrudisha kwenye zamu yake.

Shughuli ambayo huisha upesi ilichukua asubuhi nzima. Maji yakitokota, wanawake walirudia wimbo ule ule hadi wakauchoka, wakatunga mwingine wa kunicheka mimi na sufuria yangu. Vitambaa nilivyochemsha tangu Alhamisi Mzee alivipokea, majivu akayaweka kando. Mtoto wa tatu alipomalizika, Mzee mwenyewe akapaza sauti kuelekea jikoni: "Jamani, kisu kimeiva?"

Jumaa nilimpakata nimefumba macho. Yeye alifumbua yake.

Leo mchana Mzee Kombo amekuja kutazama vidonda. Vyote vinne vinakauka vizuri. Hakunisifu. Alisema tu, "Ijumaa nina watoto Kigombe. Uje na sufuria yako." Nikaitikia kabla sijafikiri.

Sasa itanibidi nimwombe bwana mkubwa wa ofisi ruhusa ya siku nzima. Yeye hana kisu, lakini namwogopa kuliko ngariba. Nitaanzaje kumwambia kesho?