Shangazi na Simu ya Chumbani

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Ni miaka miwili sasa tangu tukuzike, na leo umenijia kwa jambo dogo kabisa: intaneti imenikatikia nyumbani, nikajikuta nageuka kuutazama mlango wa chumbani. Nimecheka peke yangu, halafu nikaona bora nikuandikie.

Unaikumbuka ile wiki ya nyumbani kwako Kirumba, miaka ya tisini ikielekea ukingoni? Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma India, na chuo kilitaka nithibitishe kwa barua pepe kabla Ijumaa haijaisha, la sivyo nafasi angepewa mwingine. Kwa posta ingechukua wiki kadhaa. Kompyuta tulikuwa nayo, ya mtumba, umeifunika kitambaa cha kufuma kama makochi yako. Laini ya simu tulikuwa nayo pia, kwa ajili ya wateja wako wa dagaa. Nikasema, kazi imekwisha. Thubutu!

Kila nikijaribu, modemu, kile kidude cha kuipeleka kompyuta kwenye intaneti kwa laini ya simu, inalia, inakoroma, inakaribia kushika, kisha inakata. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo. Jumatano nikamwita Karim, fundi aliyetuuzia kompyuta. Akabadilisha waya, akasafisha soketi kwa spiriti, akawalaumu wadudu wa ziwani kwamba wameingia kwenye modemu. Kweli aliwakuta wachache, wamekauka. Akawatoa, ikakata vilevile. Mwishowe akakuuliza, "Mama, humu ndani kuna simu nyingine?"

"Ipo chumbani kwangu," ukamjibu, "lakini nimeitia kufuli."

Karim akaridhika, nami nikaridhika. Ndivyo tulivyokuwa wote enzi zile: simu ikishatiwa kufuli kwenye kiduara cha namba, tunaihesabu imekufa. Hakuna aliyekumbuka kwamba kufuli linazuia kupiga tu, halizuii kuinua. Hata Karim na cheti chake cha ufundi hakukumbuka.

Alhamisi ndipo nilipokufumania. Niliwasha modemu, nikakimbia jikoni kuepua chai, nikapita mlangoni kwako nikakusikia unaongea kwa upole: "Halo, karibu. Za huko? Watoto hawajambo? Sasa mbona unalia, mwenzangu?"

Nikasimama pale pale. Ukaziba simu kwa kiganja, ukaninong'oneza kwa hasira, "Huyu mtu ananisumbua wiki nzima. Kengele inagonga kidogo tu, nikiinua analia kama mbuzi. Salamu haitikii, halafu anakata. Hana adabu kabisa."

Nilikaa sakafuni, shangazi. Nilikuwa na hasira na wewe, na kicheko kilikuwa kinanibana mbavu. Nikakueleza kwamba huyo mbuzi ni kompyuta yangu, kwamba inapopiga namba ndipo kengele yako inapogutuka, na wewe ndiye unayemkata kila unapomsalimia. Hukukubali kushindwa. "Kwani tangu lini mtu akapiga hodi nyumba hii asiitikiwe? Wewe umelelewa na nani?" Nililelewa na wewe.

Kisha ukaniuliza, "Na hiyo barua ikifika?"

"Ikifika naondoka. Miaka mitatu."

"Haya," ukasema, ukatoka kwenda kugeuza dagaa.

Ijumaa asubuhi uliingia sebuleni umeikumbatia ile simu ya chumbani. Hukuichomoa, uliing'oa, vipande vya plasta vilikuwa bado vinaning'inia kwenye waya. Ukakaa kwenye kochi, ukaipakata. "Jaribu," ukasema. Modemu ikalia, ikakoroma, ikashika. Barua ikaenda. Mimi nikarukaruka kama mwendawazimu, wewe ukasema hongera, ukauliza sasa nani atakusaidia kubeba magunia ya dagaa hadi sokoni Mwaloni.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, hapa nyumbani na hata kule India, na watu hucheka mpaka machozi. Huwa naishia Alhamisi, kwenye mbuzi. Ijumaa sijawahi kuisimulia kwa mtu yeyote. Hukuwa na mtoto mwingine ndani ya nyumba ile. Ungeinua simu mara moja tu siku ile, tena ukasingizia mazoea, nisingekulaumu, na ningebaki. Ulilijua hilo, na ukaing'oa simu ukutani kwa mikono yako mwenyewe.

Lala salama, shangazi. Nilichelewa kusema asante.

Mimi,
binti wa kaka yako