Vipande vya Ubao wa Kijani

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Soni, Wilaya ya Lushoto
Tarehe: Jumatatu, 18 Agosti 2025
Muda wa kuanza: Saa 3:20 asubuhi
Jina: Tobia Alen Shemhilu
Umri: Miaka 43
Kabila: Msambaa
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Fundi seremala, pia mchoraji wa mbao kwa mashine ya leza
Makazi: Soni, juu ya soko

Mimi niliyetajwa hapo juu sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa miguu yangu kuhusu kifo cha jirani yangu Bi Sharifa Kassimu, na kuhusu mke wa mwanawe, Mwanahawa, ambaye mmemweka ndani hapa tangu Ijumaa. Mwanahawa hakumpa mtu sumu. Naomba hilo liandikwe kwanza, mengine yafuate.

Nina karakana ya mbao tangu mwaka 2009. Mwaka 2022 niliongeza mashine ya leza. Mashine hiyo inaunguza ubao kwa mwanga na kuchora chochote ulichokiweka kwenye kompyuta: aya, picha ya harusi, jina la hoteli, kibao cha mlangoni. Watu wanadhani ni kubonyeza tu. Si kubonyeza. Kila mti una tabia yake. Msindano una mistari laini na mistari migumu, leza inazama kwenye laini na kuruka kwenye migumu, herufi zinatoka na mawimbi. Mgrevilea unatulia. Mkulo unanukia dukani kutwa nzima na mchoro wake unatoka wa kahawia, mzuri sana, ila kuupata kihalali ni shughuli. Mimi mti naujua kwa moshi wake kabla sijauangalia. Nasema hivi si kwa kujisifu. Mtaona mbele kwa nini nimesema.

Mnamo tarehe 8 Julai 2025, siku ya Jumanne, majira ya saa 4 asubuhi, alifika karakanani mfanyabiashara wa mbao anayeitwa Clemence, mwenyeji wa Mombo, akiwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Alikuwa na mbao za mkaratusi arobaini, zimepigwa randa tayari. Katikati zilikuwa za kahawia kama mkaratusi wowote, lakini pembeni zilikuwa za kijani, kijani ya kufifia. Nikamuuliza, "Hii rangi imetoka wapi?" Akacheka. Akasema, "Fundi, wewe unataka ubao au unataka historia?" Nilizichukua zote.

Nilipojaribu kipande cha kwanza nilifurahi, sitadanganya. Mstari ulitoka mweusi tii, ukingo safi, na ile kijani ikakaa nyuma ya maandishi kama imepakwa kwa makusudi. Wateja walizipenda mno. Nilitengeneza vibao vya vyumba vya nyumba moja ya wageni Lushoto na zawadi za harusi mbili. Nikawa nawaambia watu ni mkaratusi wa kijani wa milimani. Hakuna mti wa namna hiyo. Nililitunga hilo jina mwenyewe.

Katika kukata, vipande vingi vilibaki. Tarehe 24 Julai 2025, siku ya Alhamisi, saa 11 jioni, nilijaza viroba viwili nikampelekea Mwanahawa. Nyumba yao iko chini ya nyumba yangu na karakana, ni kushuka ngazi za udongo tu. Mume wake, Yusufu, anafanya kazi ya kupakia chai huko Mponde na hurudi mwisho wa juma. Kwa hiyo kuni ni yeye, maji ni yeye, mtoto ni yeye, na mama mkwe ni yeye. Aliniamkia shikamoo, akapokea viroba, akasema, "Kaka Tobia, umeniokoa na kupanda msituni. Mungu akuzidishie." Nilimpa kwa wema tu, kwa kuwa vilikuwa vimezagaa karakanani.

Mwanahawa anapikia nje, mafiga matatu chini ya bati, hakuna kuta. Upepo unapita.

Kuhusu maelewano yao. Ni kweli Mwanahawa na Bi Sharifa walikuwa hawaivi. Mtaa mzima tulisikia. Bi Sharifa alikuwa na ulimi, Mungu amrehemu, na Mwanahawa si mtu wa kunyamaza. Lakini huyo huyo Mwanahawa ndiye aliyekuwa anamkanda miguu kila jioni, na hilo pia tuliliona, ila sasa hivi hakuna anayelikumbuka. Watu wetu hawa wananikasirisha sana.

Tarehe 14 Agosti 2025, siku ya Alhamisi, nilikuwa karakanani. Majira ya saa 9 alasiri nilisikia kelele chini. Nilishuka nikamkuta Bi Sharifa amelala uani anatapika na kuharisha, ameshika tumbo, na mjukuu wake Rahma, mwenye umri wa miaka sita, naye hivyo hivyo. Mwanahawa alikuwa amembeba mtoto anamwita jina lake. Yeye hakuwa na tatizo lolote. Tuliita pikipiki mbili wakapelekwa hospitali. Wakati tunangoja, mwanamke mmoja akamuuliza, "Wamekula nini?" Mwanahawa akajibu, "Makande." Akaulizwa, "Na wewe?" Akasema, "Mimi nimefunga, nalipa siku zangu za Ramadhani." Niliona wanawake wakitazamana. Kuanzia pale alikuwa ameshahukumiwa.

Bi Sharifa alifariki tarehe 15, Ijumaa, saa 12 asubuhi. Mchana wa siku hiyo polisi mlikuja kumchukua Mwanahawa. Alitoka akiwa na ndara mguu mmoja, nyingine imebaki matopeni. Hakuna aliyemwokotea. Mimi nilikuwepo, na mimi sikuiokota.

Tarehe 16 Agosti, siku ya Jumamosi, saa 2:30 asubuhi, Yusufu alikuja karakanani. Maziko yalikuwa yamepangwa baada ya Adhuhuri. Alitaka kibao cha kaburi cha mama yake, chenye jina na tarehe. Macho yalikuwa yamemvimba. Nilimpa pole, nikamwekea stuli, hakukaa. Nikamwonyesha mgrevilea. Akakataa kwa kichwa, akanyoosha kidole kwenye rafu. Akasema, "Weka ule wa kijani, kaka. Clemence aliwahi kuniambia kule Mponde kwamba ule mchwa hawauli kabisa."

Nikauchukua. Nikaandika jina kwenye kompyuta, nikaulaza ubao, nikawasha mashine. Yusufu alisimama mlangoni akawa anazungumza, sijui na mimi au na nani. Akasema, "Polisi wamechukua chungu. Mwanahawa anaapa hakutia kitu. Anasema maharage yalikuwa ya mwaka jana, magumu, akayatia maji ya majivu yaive, kama siku zote. Kaka, majivu yanaua mtu?"

Huku kwetu wote tunajua maji ya majivu. Unachota majivu jikoni, unayaloweka, unachuja, unamimina kwenye chungu, maharage magumu yanalainika. Mama yangu alifanya hivyo. Mke wangu Secilia anafanya hivyo. Hakuna aliyewahi kufa.

Leza ilikuwa imefika katikati ya jina. Moshi ukatoka, ule moshi mkali unaokaa nyuma ya koo. Nikazima mashine. Ubao ambao mchwa hawauli umetiwa dawa. Ile kijani ni dawa. Zile zilikuwa nguzo kuukuu za umeme, zimepasuliwa mbao. Na dawa haiungui ikaisha, inabaki kwenye majivu. Mwanahawa alikuwa amepikia vipande vyangu kwa wiki tatu, majivu yote yakawa ya hivyo vipande, na siku ile akayachuja akayatia kwenye chakula.

Yusufu aliniuliza mbona nimezima. Nikamwambia umeme una hitilafu. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Akaondoka. Saa 5 asubuhi nilimpelekea kibao kingine, cha mkulo, sikutaka malipo. Akanishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Afande ameniuliza kwa nini sikuja kituoni siku hiyo hiyo. Nilikwenda mazikoni. Kisha nikarudi nikabeba mbao za kijani zilizobaki, kumi na moja, nikazificha darini nikazifunika kwa turubai. Jumapili nilikwenda ibadani nikaimba na kwaya kama kawaida yangu. Niliogopa. Sina neno lingine la kuweka hapo. Niliona jina langu, niliona mlango wa karakana umefungwa, na nikajiambia labda daktari atagundua mwenyewe, bila mimi. Siku mbili nzima yule mama amelala sakafuni kwenu na mtoto wake yuko wodini bila mama, na mimi nilikuwa nakula na kushiba.

Afande ameniuliza kama nilijua kwamba zile mbao zina dawa kabla ya siku ya Jumamosi. Nimejibu kwamba sikujua.

Afande amenisomea nilichosema mwanzoni, kwamba moshi wa mti naujua kabla sijauangalia. Kisha ameinua macho akaniangalia.

Naomba kurekebisha. Niliposema nilimpa Mwanahawa viroba kwa wema tu, naomba pale pafutwe. Afande amesema hapafutwi, nieleze upya chini yake. Basi naeleza.

Tarehe 21 Julai, siku ya Jumatatu, Secilia alianza kupikia vile vipande nyumbani kwetu. Jiko letu lina kuta na dirisha dogo. Siku ya kwanza alitoka anatokwa machozi. Siku ya pili akawa anaumwa kichwa, na kifua kikavu. Siku ya tatu, Jumatano tarehe 23, alitoka jikoni ameshika kanga puani, akaniambia, "Mume wangu, hizi si kuni. Hizi zina kitu. Toa humu ndani." Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshausikia ule moshi kwenye mashine wiki mbili. Nilikuwa nafanya kazi nimefunga kitambaa puani, na kwa mkaratusi wa kawaida sifungi. Nguzo ya umeme nimeipita maisha yangu yote, rangi yake naijua. Sikujua kwamba inaua. Hilo naapa. Lakini nilijua kwamba ina kitu.

Secilia akasema, "Kachimbe shimo uzifukie." Nikaona ni upuuzi kuchimba shimo kwa ajili ya kuni. Sisi hatutupi kuni, mtu akikuona unafukia kuni atadhani umerukwa na akili. Kesho yake jioni nikawapelekea majirani. Nilipokuwa nashuka zile ngazi nilijisemea kwamba yeye anapikia nje, moshi utakwenda na upepo. Nililifikiria hilo. Maana yake nilikuwa nimeshafikiria kwamba moshi ni mbaya. Nilizitoa kwangu kwa sababu zilikuwa zinamdhuru mke wangu, nikampa mke wa mtu mwingine, akaniombea dua.

Sikumwambia neno hata moja. Ningesema tu, "Dada, moshi wa hizi si mzuri," angeniuliza kwa nini. Ningesema kwa nini, angezirudisha. Ilikuwa maneno matano au sita tu.

Afande ameniuliza nataka nini. Nataka Mwanahawa atoke akamwone mtoto wake. Nimesikia jana kanisani kwamba Rahma anakojoa damu. Nataka pia Yusufu aambiwe, na nataka aambiwe na mimi, si mtu mwingine, ingawa najua akinisikia anaweza kunifanya chochote. Mbao zilizobaki ziko darini, ngazi iko nyuma ya mlango. Msizichome.

Nimesomewa yote haya kwa Kiswahili, nimeyasikia, na ni yangu: niliyoyaona, niliyoyafanya na niliyoyanyamazia. Sikutishwa wala sikuahidiwa kitu.

Sahihi ya shahidi: T. A. Shemhilu

MAELEZO YA MWANDISHI

Mimi WP Koplo Mariamu Singano ndiye niliyeandika maelezo haya. Yamemalizika saa 4:55 asubuhi. Kwa kuwa shahidi amejitaja mwenyewe katika kosa, nimesimamisha maelezo, nimemwonya kisheria na kumjulisha mkuu wa kituo. Maelezo ya onyo yataandikwa kwenye jalada hili hili.

Saa 5:10 nilikwenda mahabusu nikamweleza Mwanahawa yaliyosemwa. Hakulia. Aliuliza hali ya mtoto, nikamwambia yuko hai. Kisha akauliza kama majivu yaliyokuwa kwenye debe nyuma ya jiko bado yapo. Nikamwambia debe lilikutwa tupu siku ya upekuzi.

Alisema hajalimwaga yeye. Alisema maharage ya msimu huu yamekauka na watu wanaweka akiba, na majivu yake yalikuwa meupe na laini, kwa hiyo wanawake walikuja kuomba ya kuchanganyia maharage yasiliwe na wadudu. Amewataja wanne, wote wa mtaa wao. Askari wawili wameondoka na mwenyekiti wa mtaa saa 5:25.

Wa tano alikuwa mgeni aliyekuja siku ya soko. Alichota ndoo nzima, akashukuru, akapanda gari. Mwanahawa hakumuuliza jina wala anakotoka.

WP Koplo M. Singano