Semolina ya Ijumaa

Jumatano, 7 Agosti 2024

Mdomo wangu utaniua. Winrose, tuliyesoma naye boarding kule Njoro, amepiga simu: amempata Wawira, mpishi wetu wa shule! Yuko Kihoto, mzima kabisa. Anamleta kwangu Jumamosi lunch. Nami papo hapo — nitampikia semolina ya Ijumaa! Ule uji wa ngano wa maziwa, na tone la jam katikati. Nani alinituma?

Sikuwahi hata kuimaliza. Kila Ijumaa niliimwaga kwa mkebe wa maua, pale dining hall. Maua yakakauka. Headmistress akasema ni Wawira anayamwagia maji moto ya vyombo. Akamtoa jikoni, akampeleka kufua mashuka. Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi. Sasa nina arobaini na nane na bado nimenyamaza tu. Aibu! Jumamosi nitasema. Lazima.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimefanya mazoezi. Maziwa yakachemka, nikatia semolina, nikashika mwiko — mkono ukaenda wenyewe! Nikasonga. Nikaongeza unga, nikasonga tena. Mwiko ukasimama peke yake. Mume wangu Kiplangat akaikata na kisu, akauliza mboga iko wapi. Akala na sukuma. Akaongeza! Weuh.

Jumamosi, 10 Agosti

Leo imetoka nyepesi. Mabonge kidogo, si mbaya.

Wawira amekuwa shosho mdogo hivi, na kitambaa kichwani. Alinishika mikono yote miwili, akasema nimenona vizuri. Karibu nilie. Nikamwekea bakuli pale veranda, jam katikati, nikasema nakuja. Uongo — nilikimbilia jikoni kupanga maneno. Winrose alikuwa nje kwa gari, kwa simu.

Nikachungulia dirishani. Shosho ameinama juu ya mkebe wangu wa geranium. Kijiko mkononi. Anakwangua bakuli, semolina yote kwa udongo!

Akainua kichwa. Macho kwa macho. Woi! Hata hakushtuka.

"Jemutai, leta maji upesi," akasema. "Hii ikikauka kwa udongo haitoki. Yako nilikwangua miaka miwili, na sikukusema."

Alijua. Mashuka yote yale, na alijua!

Mfereji unatoa maji tone tone. Naandika hapa kando ya sinki nikingoja jagi lijae. Anaita tena, anauliza kama maji yamepotea.

Jagi limejaa zamani.