Tulipoidengua Nyumba ya Kina Nyambura

Jumatano. Mvua imeshinda ikinyesha Nakuru, na jioni hii nimekaa na koti ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Leo darasani tulisoma hadithi ya Nyambura, mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Ni fupi. Wakati wa mapigano ya kikabila, msichana wa kule Kuresoi anaamshwa na mama yake, wanakimbilia kwenye mahindi, na wakiwa humo wanatazama nyumba yao ikiungua. Kaka mdogo hatoki. Hakutaja kabila la mtu. Aliandika tu "majirani".

Mimi hufundisha uhakiki wa baada-ukoloni, na nyenzo zangu nimezitoa kwa wananadharia wa baada-umuundo. Nazipenda. Walowezi wa kizungu waliandika kwamba Bonde hili la Ufa lilikuwa tupu walipofika. Udenguzi, yaani mbinu yao ya kuyabomoa maandishi ili kuona yanachoficha, ndio ulionipa ujasiri wa kuuliza, tupu machoni pa nani? Kwa hivyo huwaambia wanafunzi kwamba maana haitulii, msimulizi asiaminiwe haraka, na hakuna ukweli usiopitia lugha.

Kipruto amenisikiliza kuliko wote. Naye kwao ni Kuresoi, upande wa hao majirani. Alisimama akasema kwa upole, "Hatuwezi kujua kilichotokea. Tuna simulizi tu. 'Jirani' na 'mwathiriwa' ni majina yanayotegemeana, na msimulizi ndiye aliyeyapanga."

Ulikuwa uhakiki safi. Kila neno lilikuwa langu.

Nyambura akauliza, "Na Ken?"

Katika hadithi yule mtoto hana jina. Hapo ndipo sote tulipoelewa kwamba ni kaka yake mwenyewe.

Kipruto aliketi. Darasa zima likanitazama mimi, nami nikasema tukumbuke kutofautisha mwandishi na msimulizi.

Ndiyo. Hilo ndilo nililosema.

Kipindi kilipoisha nilimkuta Nyambura kwenye veranda, akingoja mvua ipungue. Nikamwambia ninamwamini.

"Asante, Mwalimu," akasema. "Lakini ungesema mle ndani."

Kisha akaomba hadithi yake iondolewe kwenye jarida la idara. Nilikuwa nimeipigania sana hadithi hiyo. Nikakubali. Ningemkatalia kwa haki gani?

Saa hii Kipruto amenitumia ujumbe. Anauliza amekosea wapi, maana alifuata mbinu kama tulivyofundishwa. Chini yake ameongeza kwamba baba yake huwa haongei kabisa kuhusu wakati ule, na yeye hajawahi kuthubutu kumuuliza.

Nimeusoma mara nyingi. Nikimwambia amekosea, ninamwadhibu kwa kunisikiliza. Nikimwambia hakukosea, nimemwacha Nyambura peke yake mara ya pili. Na hilo la baba yake, sijui hata kama ananiuliza au ananiambia.

Kesho asubuhi nina kipindi na darasa hilo hilo. Nitaingia, nitawasalimu. Baada ya salamu, nitasema nini?